Mgongo wa Bi Sijaona

Msimu wa korosho ulipofika Makote, Hamida, mama yake Shamila, aliokota peke yake, akikonyoa korosho kwenye mabibo huku mimba kubwa ikimtangulia. Mumewe alikuwa kwenye vikao vya ushirika. Mama mkwe wake, Bi Sijaona, alishinda mkekani kwa sababu mgongo ulikataa kuinama.

Hamida ni wa Mnyambe. Kwao mgongo hutibiwa kwa majani ya kichaka kimoja chenye maua meupe. Kichaka hichohicho kimejaa Makote, ila Makote wanakijua kama dawa ya kuku wasiotaga, basi, na kwenye mambo ya majani watu wa Makote hawafundishwi. Hamida akachuma, akachemsha, Bi Sijaona akanywa. Mgongo haukusikia. Asubuhi alikutwa ametaga yai.

Lilikuwa yai zuri, la kienyeji. Jirani yao Fikirini alimpa shikamoo yake, kisha akauliza kama linauzwa. Bi Sijaona alimwambia kwamba sasa mambo yako wazi: hao wa Mnyambe wanajitibu kikuku.

Hamida alimpandisha bodaboda, wakaenda Mnyambe kwa wazazi wake. Huko Bi Sijaona alikunywa majani yaleyale, akainama, akaokota bibo, akalila. Kesho yake alifagia uwanja mzima wa wakwe wa mwanawe. Hakushukuru, alisema tu kwamba ugali wao haukuiva.

Walipovuka mpaka kurudi Makote, mgongo ukakakamaa palepale. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa, maana wagonjwa wa njia ile amewazoea. Ndipo Hamida alipomwomba mkwewe.

"Mama, waambie wenzako umeponea Mnyambe. Watu wa hapa wakijua, na majani ya hapa yatajua. Mwenzio nimechoka."

"Niseme nimefundishwa na Mnyambe?" Bi Sijaona akamtazama kwa upole. "Mama Shamila, bora nitage."

Akataga msimu mzima. Makote walimsifu kwa msimamo wake, na wanawake wakaanza kuagiza mayai mapema. Korosho ziliendelea kuanguka na Hamida akaendelea kuinama, hadi siku mgongo wake nao ulipokataa kunyanyuka chini ya mkorosho, akarudi nyumbani akitambaa.

Bi Sijaona aliumia sana moyoni kumwona vile. Akamchemshia mayai mawili.