Mama Mdogo Alipofukia Ngolo

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, saa nne asubuhi. Mawingu mazito yalikuwa yamelala juu ya vilima vya Mapera tangu alfajiri, lakini mvua ya kupandia ilikuwa bado haijanyesha. Upepo ulikuwa mkavu.

Siku hiyo ukoo wetu ulikaa sengu nyumbani kwa Bibi Serafina. Sengu ni kikao cha ukoo: watu hula pamoja kwanza, kisha husema kilichowaleta. Tulikuwa kumi na mmoja, lakini ukiniacha mimi, waliosema walikuwa wanne. Mimi ni Gertrude, mwalimu wa sekondari. Niliombwa kuandika muhtasari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Jambo lilikuwa moja. Baba mdogo Hamphrey alifariki mwezi Januari na kumwachia mkewe, Ephrasia, shamba moja la mteremkoni. Baba mkubwa Stephano, kaka wa marehemu, alitaka kulichukua ampe mwanawe Glorious, anayeoa baada ya Pasaka. Mahindi kwetu hupandwa mara mvua ya kwanza inaponyesha. Kama Ephrasia asingepanda wiki hiyo, yeye na wanawe watatu wasingekuwa na chakula cha mwaka.

Asiyelima kwetu aelewe kwanza kazi yenyewe. Mwezi Machi majani hufyekwa na kuachwa yakauke, kisha hulazwa chini kwa mistari inayokatana, shamba lote likawa miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Panabaki shimo, na tuta pande zake zote nne. Hiyo ndiyo ngolo. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta. Majani yakishaoza, mahindi ndiyo yanayofaidi rutuba, mwezi Novemba. Mashimo hushika maji ya mvua. Bila hayo, udongo wa mteremko ungeshuka wote bondeni. Wanaume hufyeka na kulaza majani. Wanawake huchimba.

Mwezi Machi Ephrasia alimwomba Stephano aje alaze majani. Alimwomba mara tatu. Stephano hakuja wala hakutuma mtu. Ephrasia akafyeka mwenyewe, akalaza mwenyewe, akachimba ngolo mia tatu na themanini.

"Shamba lile halikulazwa majani na mwanamume wa ukoo huu," Stephano alisema baada ya kunawa mikono. "Shamba la namna hiyo halina mwenyewe. Linarudi kwenye ukoo. Ndiyo desturi."

"Desturi ya lini?" Bibi Serafina aliuliza. Ana miaka themanini na miwili, na Stephano ni mwanawe wa kumzaa. "Nimeolewa humu nikiwa binti. Sijaisikia."

"Mama, hayo ni mambo ya wanaume. Hukuambiwa."

"Baba yako alikuwa ananiambia hata ndoto zake. Hilo moja tu ndilo alilonificha?"

Watu walicheka. Stephano hakucheka. Alitupa maneno mawili ya Kimatengo kando, bila kumtazama mtu.

"Shemeji, sema Kiswahili ili Gertrude aandike," Ephrasia alisema. Yeye si Mmatengo kama sisi; ni Mmpoto wa Lundo, kule chini ziwani. "Mimi nimekuelewa. Miaka kumi na minne hapa inamtosha mtu kujua anapotukanwa."

Kisha alisimama. Alisema kwamba alimwomba Stephano mara tatu, na mara ya tatu alimkuta amekaa kwenye baraza lake anakula miwa. Alisema kwamba mtu hawezi kukataa kazi mwezi Machi, kisha mwezi Novemba akatumia kukataa kwake kama hati ya shamba. Sauti yake ilipanda. "Hii ni dhuluma," alisema. "Sina jina lingine la kuiita."

Hapo nilifanya jambo ninalolijutia. Nilimvuta upindo wa kitenge na kumnong'oneza, "Mama mdogo, punguza hasira. Toa hoja."

Alinitazama. "Hasira ndiyo iliyonileta kwenye hoja, Gertrude. Bila hasira ningekuwa nimelala nyumbani, na shamba limekwenda."

Stephano alitabasamu. Alimgeukia mdogo wangu, Clemence. "Wewe ulisomeshwa na ukoo huu. Tueleze. Huyu mama anasema dhuluma, dhuluma. Hicho ni kitu gani?"

Clemence alikaa seminari kuu miaka mitatu akisoma falsafa, na akatoka mwaka jana. Watu bado humwita Frateri, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchokoza. Nilikuwa najivunia sana mdogo wangu. Nasema hivyo ili ieleweke jinsi nilivyokasirika baadaye.

"Kwa utaratibu wa kitaalamu," Clemence alisema, "lazima tutenganishe mambo. Jiwe lipo. Mvua ipo. Unaweza kuvipima. Lakini dhuluma huwezi kuipima. Mtu akisema 'hii ni dhuluma', haelezi kitu kilichopo duniani. Anaonyesha tu kwamba amechukia. Ni kama kuguna, ila kwa maneno. Na mguno hauwezi kuwa kweli wala uongo. Kwa hiyo mama mdogo hajathibitisha kitu. Ameguna."

Alisema hivyo mbele ya mjane wa baba yake mdogo. Alisema kwa upole, kama anayefundisha. Peni yangu ilitoboa karatasi.

Ephrasia hakupandisha sauti tena. "Frateri, mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Hana chuki na Stephano. Anampenda, anamkimbilia njiani akimwona. Stephano akichukua shamba, Februari mtoto huyo atalala njaa huku anampenda. Hajachukia. Hajaguna. Je, hakudhulumiwa?"

Clemence alitazama mlangoni.

"Jibu," Ephrasia alisema. "Mimi sikusoma. Nina muda wa kusubiri."

"Ngoja niseme kwa namna nyingine, mama mdogo. Kila jamii ina mizani yake. Haki ni kile ambacho jamii fulani imekubaliana. Labda kwenu Lundo hili ni kosa. Hapa Umatengoni, kama desturi inaruhusu, si kosa. Huwezi kuchukua mizani ya ziwani ukaja kupimia mlimani."

"Barabara ya kutoka hapa kwenda Lundo ina kona nyingi," Ephrasia alisema. "Nazijua. Nusu yazo nimezitapikia. Nionyeshe kona moja tu ambayo nikiivuka dhuluma inageuka kuwa haki. Niiwekee kibao."

Safari hii hata binamu wa Stephano walicheka. Ephrasia hakungoja wamalize.

"Na jambo la pili. Sasa hivi tu ulisema dhuluma haipo popote. Sasa umesema ipo Lundo, huku haipo. Chagua moja ndipo nikujibu. Usinihamishie nyumba kila nikibisha hodi."

"Na kama ni mapatano ya jamii," Bibi Serafina aliongeza, "mimi ni jamii au ni kuku? Mimi sijapatana na mtu."

Stephano aliona mtaalamu wake amekwama. Alibadilisha njia. "Tuache falsafa. Sisi ni Wakristo. Mungu ameweka mwanamume kuwa kichwa. Mungu ndiye anayeamua lililo haki, si mwanamke wa Lundo."

"Ni kweli Mungu anaamua," Bibi alisema. "Basi akiamua leo unifukuze mimi mama yako nikalale porini, itakuwa haki?"

"Mungu hawezi kuamua hivyo, mama."

"Kwa nini hawezi?"

Stephano alimimina maji, akanywa.

"Kwa sababu ni vibaya," Bibi alisema. "Na wewe umelijua hilo papo hapo. Hukwenda kwanza kumuuliza."

Ningependa kuandika kwamba jambo liliishia hapo. Hoja tatu zilikuwa zimeanguka mbele ya watu kumi na mmoja. Nimefundisha wanafunzi miaka tisa kwamba mtu akishindwa kwa hoja huachia. Stephano hakuachia. Alisimama, akakaza mkanda wa suruali, akasema, "Maneno yamekwisha. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Andika, Gertrude: sengu imekubali shamba lirudi."

"Nani amekubali?" niliuliza.

"Andika."

Sikuandika. Lakini pia sikusema kitu kingine, wala wengine hawakusema. Wanaume wengine watano walikuwa wanatazama miguu yao. Kila mmoja wao alikuwa amecheka dakika tano kabla.

Ephrasia alichukua jembe la Bibi lililokuwa limeegemezwa ukutani, akatoka. Tulidhani anakwenda nyumbani. Alikata kulia, akashuka njia ya shambani. Tulimfuata wote.

Alianzia ngolo ya juu kabisa. Aliinua jembe, akapasua tuta, akavuta udongo ndani ya shimo. Udongo ulikuwa mweusi, na majani ya Machi yalikuwa yameoza vizuri kabisa. Mahindi yangestawi pale. Alifukia ya kwanza, akaenda ya pili.

Kwetu mtu husamehewa ulevi na hata ugomvi. Lakini kufukia ngolo mvua ikiwa imekaribia, sijawahi kuona wala kusikia. Mama mmoja alifunika uso wake kwa khanga.

"Shemeji, una wazimu?" Stephano aliita.

"Kama kuchimba kwangu hakukunipa kitu," alijibu bila kusimama, "kufukia kwangu hakumnyimi mtu kitu. Nakurudishia shamba kama nilivyolikuta. Mletee Glorious jembe. Mlaze na majani, nyinyi wanaume."

Ngolo ya tano. Ya sita. Ya saba. Clemence alitangulia mbele yetu akikimbia, akasimama mbele ya jembe. Viatu vyake vizuri vilizama kwenye tuta.

"Mama mdogo, acha. Ni vibaya."

Alisimama. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni. "Unaguna, Frateri?"

"Siguni."

"Basi ni desturi ya hapa? Mimi ni wa Lundo. Hainihusu."

"Si desturi." Clemence aligeuka, akaonyesha bondeni. Chini ya shamba, mstari kwa mstari, ilikuwa kahawa ya Bibi Serafina. "Mvua ikija, udongo utashuka wote kule. Utafunika miche ya bibi. Bibi ana miaka themanini na miwili, hana shamba lingine, na hajakukosea chochote."

"Endelea."

"Huwezi kumharibia kazi ya mikono yake mtu ambaye hakukosa, kwa sababu tu unaweza."

"Ingekuwa vibaya hata kama bibi hajachukia?"

"Ndiyo."

"Hata kama ukoo wote ungekubali?"

Nilimwona Clemence akitazama jembe, kisha ngolo zilizofukiwa, kisha baba mkubwa aliyekuwa amesimama juu na mikono kiunoni. "Ndiyo," alisema. "Hata hivyo."

"Sasa umeanza kusema kama mtu," Ephrasia alisema. Alifukia ngolo mbili zaidi, polepole, akimtazama machoni. Kisha alichomeka jembe ardhini. Zilikuwa tisa.

"Naacha," alitangaza, na safari hii aliwaambia wote. "Siachi kwa sababu ya mkubwa wa ukoo. Naacha kwa sababu aliyoitaja huyu. Ni sababu nzuri, na ilikuwa ndani yangu kabla hajaisema. Ndiyo maana mkono ulikuwa mzito. Sasa Stephano ashuke hapa anionyeshe jambo moja. Sababu hii inamlinda mama na kahawa yake. Kwa nini hainilindi mimi na ngolo zangu? Nina nini mimi, au nimekosa nini, ambacho mama hana? Akionyesha, nitaondoka leo, nirudi Lundo na watoto."

Tulimgeukia Stephano. Nilimtazama kwa hasira, kama ninavyomtazama mwanafunzi mtoro anapojieleza.

"Mimi ni mkubwa wa ukoo," Stephano alisema.

"Hilo tunalijua," Bibi Serafina alimjibu. "Umeulizwa lingine."

Binamu mmoja alikohoa. Mwingine alisema kwamba mbuzi wake hajafungwa, akaondoka. Hakuna aliyesema kwamba Ephrasia ameshinda. Nawakasirikia mpaka leo kwa hilo.

Yafuatayo ndiyo kila mmoja aliyoyafanya.

Stephano alirudi kwake bila kumuaga mama yake. Jumatatu alipeleka shauri kwenye baraza la kata, akidai shamba ni la ukoo. Shauri halijasikilizwa.

Bibi Serafina alibeba kigoda chake Jumatatu asubuhi, akakiweka juu ya shamba, akakaa hapo siku mbili. Aliyepita alisalimiwa na kuambiwa kwamba shamba ni la Ephrasia.

Clemence hakula tena Jumamosi ile. Stephano alimtaka aandike maelezo ya kitaalamu kwa ajili ya baraza, naye akakataa. Jumatatu alifyeka majani, akayalaza mwenyewe kwenye ile miraba tisa. Aliyalaza vibaya, na Ephrasia alimrudisha mara mbili.

Glorious alipelekewa jembe na baba yake. Hakufika shambani.

Ephrasia alizichimba upya ngolo tisa. Mvua ilinyesha usiku wa Jumatatu. Jumanne alipanda mahindi shamba zima, pamoja na wanawe.

Mimi niliandika muhtasari. Penye neno "uamuzi" niliandika kwamba Stephano aliulizwa sababu na hakuitoa. Nilipeleka nakala kwenye baraza la kata, nikaandika jina langu kuwa shahidi, kisha nikaenda kumwomba radhi mama mdogo kwa kumvuta kitenge.