Upande wa Kulia wa Mwalimu

"Punda wako ameamkaje?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya shemeji yangu, mume wa dada, kila nilipofungua mlango wa karakana yake.

Punda alikuwa plagini niliyoiandika mwenyewe, kijiprogramu nilichokichomeka ndani ya programu tunayochongea kwenye kompyuta. Tuliishi kwa vichwa vya simba vya kuweka juu ya mageti. Kabla kichwa hakijaenda kwenye mashine ya kuchapa sanamu, lazima uzibe matundu yote, upunguze uzito wa faili, ukifanye kiwe wazi ndani, ukate shingo ikae sawa. Kwa mkono ni kazi ya saa mbili. Plagini ilimaliza ukiwa bado unakoroga chai. Ilikuwa pia na kitufe cha Kioo: unachonga nusu ya simba, nusu ya pili inajinakili. Na kwa kuwa mimi ni msahaulifu, niliifundisha iandike kila ilichofanya kwenye daftari lake, na iweke nakala kabla ya kugusa chochote.

Shemeji aliiita kazi ya wavivu. Haya yote nilijifunza peke yangu, bila cheti, na alipenda kunikumbusha kwamba nikitoka kwake hakuna mlango mwingine utakaonifungukia. Katika hilo sikuweza kumbishia.

Kisha ikaja kazi ya mwalimu mmoja wa kike. Alikuwa amefariki, na binti yake alitaka sanamu ya kichwa chake iwekwe kwenye ukumbi wa shule. Katika picha zote mdomo wa mwalimu ulivutwa chini upande wa kulia. Ugonjwa wa ujanani, binti alisema. Mdomo ule ulinichukua siku tatu. Jumatano nilitumwa kurekebisha simba wa watu aliyepasuka. Niliporudi Alhamisi, kichwa kilikuwa kimeshachapwa na kufunikwa kitambaa, na shemeji akaniambia nisikiguse.

Ijumaa binti alikifunua. Akakizunguka mara mbili.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Mdomo ulikuwa umenyooka. Uso mzima ulikuwa sawa pande zote mbili, kama simba.

Shemeji hakupepesa jicho. Alimweleza binti kwamba kijana huyu, yaani mimi, ameweka takataka zake ndani ya kompyuta na zimeharibu kazi. Kwamba alinipokea kwa huruma ya mke wake. Halafu akanigeukia. "Asante ya punda ni mateke. Chukua mkoba wako."

Nilikaa kwenye kompyuta nikafungua daftari la plagini, maana huenda kweli kosa lilikuwa langu. Nilikuta mstari mmoja nisioutambua: Jumatano, saa tano na dakika kumi, Kioo, kushoto kwenda kulia. "Saa hiyo mimi nilikuwa juu ya ngazi, getini kwa watu," nikasema. Bila shaka shemeji alikuwa amegusa shavu la kushoto, akataka la kulia lifanane, akambonyeza punda.

Niliita nakala ya kabla ya hapo. Mdomo ukarudi. Binti alisogea akaweka kidole kwenye skrini ya kompyuta, pale pembeni ya mdomo.

"Mama," akasema. Kisha akausoma mstari ule, kwa sababu ulikuwa bado wazi, na akamtazama shemeji kwa muda mrefu.

Alipoondoka, shemeji alifunga mlango. Sauti yake ilikuwa chini kuliko yangu.

"Toa hilo daftari. Ukilitoa, Jumatatu uje kazini."

"Bila daftari, likitokea kosa lingine tutajuaje?"

"Hatutajua. Ndiyo maana."

Nilirudi kwenye kompyuta. Nikachapa upya kichwa cha mwalimu, nikasubiri mpaka kikatoka, kisha nikachukua mkoba. Plagini nilimwachia, pamoja na daftari lake.

Sijapata kazi bado. Lakini dada ananiambia mume wake siku hizi anachelewa sana karakana. Anaziba matundu ya simba kwa mkono, moja moja, na punda hamgusi.