Gazeti Limeuzwa

Kama kuna watu wanaopenda kitu chao bila kukikaribia, basi ni wanachama wa lile gazeti la mtaa. Walijaa mji mzima, mafundi cherehani, manesi, walimu, wauza mkaa, kila mmoja na hisa yake moja na kura yake moja, na kila mmoja akitamka "gazeti letu" kwa mbwembwe utadhani yeye ndiye aliyelizaa. Waite mkutanoni sasa! Huyu mgongo unamsumbua, yule kapata mgeni ghafla. Kinyozi wa mtaa wa pili angalau alikuwa mkweli. Alijiunga, alisema, kwa sababu mwanachama akifa tangazo lake hutolewa bure, tena na picha, na yeye picha alishaichagua.

Mhariri wao walimwita Mama Nukta. Jina hilo alipewa na wachapaji, maana aliweza kurudisha ukurasa mzima kwa ajili ya nukta moja iliyosahaulika. Asubuhi ya mkutano mkuu alikuwa na sababu ya kuhofu. Mwenye machimbo ya kokoto alitaka kulinunua gazeti, na sababu ilijulikana: baruti zake zilipasua kuta za watu, na gazeti halikuacha kuandika. Akilinunua, ataliziba mdomo. Bodi ilishalainishwa kwa ahadi ya mtambo mpya wa kuchapia, na katiba yao ilisema kwamba nusu ya wanachama wasipofika ifikapo saa nne, bodi itaamua peke yake.

Siku hiyo ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya wodi ya wazazi, ufa umeshuka ukutani mpaka kwenye kichwa cha kitanda. Nakala zote zilikwisha mapema, na bado watu waligonga mlango wakitaka nyingine. Mama Nukta, aliyekuwa akipanga viti vya mkutano katikati ya mitambo, alichoka kwenda na kurudi. Akachukua karatasi na kalamu nene. Aandike "Gazeti limekwisha"? Hapana, watu wangedhani limekufa, na siku yenyewe ndiyo hii. Akaandika kwa herufi kubwa: SAMAHANI. GAZETI LIMEUZWA. Akaibandika mlangoni, akarudia kuisoma, akaridhika.

Muda wa mkutano ulipokaribia, waliofika wangeweza kukaa kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mdogo wa mume wa Mama Nukta, na alikuwa amevaa tai mpya.

"Shemeji, usininunie," alisema. "Nyumbani ni nyumbani, kazini ni kazini."

"Sijanuna. Nasubiri wanachama."

"Hawa hawa ninaowajua mimi? Labda ungewaambia kuna chai."

Akacheka peke yake, kisha akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani ili kila mtu aione. Mama Nukta aliutazama ule mtambo mzee uliokula ujana wake, na machozi yakamlengalenga. Aliona uchungu, tena uchungu wa kweli. Miaka yote hiyo amewaandikia watu hawa harusi zao, misiba yao na mashimo ya barabara zao, na leo wamemwacha mkono.

Ndipo, dakika chache kabla ya saa nne, mlango wa mbele ukasukumwa kwa kishindo.

Kinyozi aliingia wa kwanza, aproni kiunoni na mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma yake alikuja mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Nyuma ya mteja walikuja manesi na sare zao, wauza mkaa na vumbi lao, walimu, mafundi, wakisukumana mpaka viti vikaisha na watu wakasimama baina ya mitambo.

"Nani kaliuza?" kinyozi alifoka. "Mimi sijaulizwa! Na kura ninayo!"

"Halijauzwa, ndugu yangu," alisema mwenyekiti huku akirudi nyuma.

"Limeuzwa! Imeandikwa hapo mlangoni, tena na nukta! Mama Nukta akishaweka nukta, kuna mjadala tena hapo?"

Mama Nukta alihisi uso ukimwaka moto. Katika maisha yake yote hajawahi kuachia sentensi yenye maana mbili itoke nje, na leo ameibandika mlangoni kwa mkono wake! Alifungua kinywa asahihishe, kwa kuwa kusahihisha ndio ugonjwa wake. Akamwona katibu akihesabu vichwa. Akakifunga.

"Nusu imetimia," katibu alitangaza, "na kupita."

Hapo ndipo aliposimama. "Nina masahihisho," alisema. "Gazeti halijauzwa. Nakala za leo ndizo zilizouzwa zote. Nimekosea kuandika, nisameheni. Lakini mkiondoka sasa, litauzwa kweli."

Kisha nesi mmoja aliangua kicheko, na wote wakafuata, wakapigana mabega, wengine mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyeondoka.

Kura ilipoitishwa, waliokataa kuuza waliinua mikono mpaka taa za dari zikafichika. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akalegeza tai, akainua wake pia. Mteja wa kinyozi naye aliinua, akaambiwa ashushe, yeye si mwanachama.

"Basi niandikisheni sasa hivi!" akajibu. "Mnataka kunyolewa kwangu kuwe kumekatizwa bure?"

Vigelegele vilipanda. Mama Nukta alilia mbele za watu na hakujali.

Juma lililofuata, wachapaji walimzunguka mezani akiandika kichwa cha habari cha ukurasa wa kwanza: GAZETI HALIUZWI. Kinyozi, ambaye siku hizi alikuwa hatoki ofisini, alichungulia juu ya bega lake.

"Sasa Mama, sisi tutalinunuaje?"

Mama Nukta aliguna, akachukua tena kalamu, na chini yake akaandika kwa herufi ndogo: Isipokuwa nakala moja moja. Akaikazia nukta.