Bahasha Mbili za Akina Gribble

Saa kumi na robo jioni Lorna Tveit alisimamisha gari kwa akina Gribble. Ofisi ya uchaguzi ilikuwa inafungwa saa kumi na moja, na kufika mjini ni nusu saa nzima.

Pendekezo la kuilazimisha idara ya shule ya wilaya itumie robo tatu ya bajeti yake ndani ya madarasa lilikuwa linaongoza kwa kura moja. Basi la shule si darasa. Pendekezo likipita, njia ya basi ya mashamba ya ngano aliyoiendesha Lorna miaka kumi na tisa ingefutwa, na kazi yake pamoja nayo. Kura zikilingana, limeanguka. Zilibaki bahasha mbili tu za kura za posta, zilizokataliwa kwa sababu ya saini, zote za nyumba hii, na karani wa uchaguzi alikuwa amemkabidhi Lorna fomu mbili za kusahihisha saini.

"Tulisaini mezani tukinywa kahawa," Idella Gribble alisema, akijishika kichwa. "Nimesaini bahasha ya Wendell, naye yangu! Miaka hamsini ya ndoa, jina lake mwenyewe halisomi!"

"Saini hapa, mama. Haraka."

Idella akasaini. Kura yake ilikuwa HAPANA. Kanisa zima lilijua. Bango la NDIYO uani lilikuwa la mumewe, aliyekuwa bandani akinoa vyuma.

"Huyo mwache na kelele zake," Idella alinong'ona. "Nenda!"

Lorna alifika garini, akashika mlango. Fomu ya pili ilikuwa mkononi, nyeupe, haina kitu. Akatukana kimoyomoyo, akakimbilia bandani.

"Mzee, kura yako haijahesabiwa. Saini."

Wendell akazima mashine ya kunolea. "Wewe ndiye unaniletea? Unajua nilipigia nini?"

"Bango lako nalipita mara mbili kwa siku. Saini, saa inakwenda!"

Ofisini fomu zote mbili zilipokelewa zikiwa zimebaki dakika nne. Pendekezo likapita kwa kura moja.

Asubuhi iliyofuata Wendell alimleta mjukuu wake mwenyewe kwenye kituo cha basi mbele ya nyumba.

"Mwombe Lorna akufundishe njia!" Idella alipaza sauti kutoka barazani. "Mwakani dereva ni wewe, babu. Maili arobaini, na barafu!"

Wendell alimpandisha mtoto, kisha akabaki ameshika mlango wa basi. Lorna akasubiri auachie.