Hodi, Darasa la Pili B

Kwa miaka sita Onesmus alilinda geti la shule moja ya kulipia, si mbali na minara ya Jumeirah Lake Towers jijini Dubai, na kwa miaka yote hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kuwajua watoto. Aliwajua kwa majina, kwa mabegi, kwa madereva wao. Alijua nani hulia Jumatatu tu na nani hulia kila siku. Kwa hiyo alipoitwa ofisini akaambiwa kwamba Jumanne ataigiza muuaji, alidhani anataniwa.

"Zoezi tu hili, Onesmus," alisema Mundhir. Mundhir alisimamia usalama na usafiri wa shule. Wazee wake walitoka Unguja, yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo Dubai, na binti yake Maram alikuwa Darasa la Pili B. "Watoto wajifunze kujifungia. Utapita na hili bomba, utapiga milango mateke, utapiga makelele, khalas. Robo saa yamekwisha."

Bomba lenyewe lilikuwa la maji, la plastiki, limepakwa rangi nyeusi ili lifanane na bunduki.

"Na kwa nini mimi, boss?"

"Wanakujua. Nikileta mtu wasiyemjua watatishika, kisha wazazi watanila nyama. Wewe hawatakuogopa."

"Sasa kama hawataniogopa, zoezi ni la nini?"

Mundhir alicheka, akamsukumia bomba. Wiki mbili nyuma, katika nchi ya mbali ambako bunduki hununuliwa dukani, mwanafunzi wa miaka kumi na sita alikuwa ameingia darasani kwake akawaua wenzake. Baadhi ya wazazi wa shule hii walitoka nchi hiyo, wengine walikuwa mbioni kuhamia huko, na simu za ofisini hazikupumzika. Shule ikaajiri mtaalamu. Mtaalamu akataka zoezi kwanza, kisha mjadala wa hadhara. Na katika shule nzima, yenye walimu na makarani na madereva wa kila rangi, wakubwa walipotafuta nani anafaa kuwa muuaji, macho yao yalimwona Mwafrika wa getini. Hakuna aliyekumbuka kwamba muuaji wa kweli alikuwa mtoto wa darasa lile lile, mwenye baba na mama na begi zuri mgongoni. Onesmus alikumbuka. Lakini mkataba wake ulikuwa ukingoni, na mnyonge hana haki, basi akalimeza neno lake.

Lilikuwapo na jingine ambalo hakumwambia Mundhir. Kule kwao Afrika, bondeni kwa wafugaji, wezi wa mifugo hutembea na bunduki kama wengine wanavyotembea na fimbo, na alipokuwa na miaka kumi na mmoja wanaume watatu walipiga teke mlango wa darasa lao. Yeye alikuwa chini ya dawati. Mwalimu wao hakuwahi kuinama; risasi ilimpata amesimama. Shule ilifungwa miaka miwili, na hakuna mtaalamu aliyekuja, wala mjadala haukuitishwa.

Jumanne ilifika. Onesmus alitembea koridoni na bomba lake jeusi, mtaalamu nyuma yake na kalamu mkononi. Milango miwili ya mwanzo aliigusa kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayemfukuza paka wa jirani, na mtaalamu akatikisa kichwa. Wa tatu ulikuwa wa Darasa la Pili B.

Mlango huu aliujua vizuri kuliko yote. Kila siku kulikuwa na mtoto aliyesahau chakula chake garini, na Onesmus ndiye aliyekipeleka. Angebisha, angesema "Hodi," na ndani wangeitikia kwa pamoja. Aliyewafundisha kuitikia alikuwa Maram. Bibi yake, Bi Ghania, alikuwa amemlea kwa adabu za Unguja hasa: mtu akipiga hodi huitikiwa karibu, na mkubwa hapitwi bila shikamoo. Mtoto akayachukua yote hayo akawafundisha wenzake, watoto wa mataifa kumi na moja. Onesmus mwenyewe alilazimika kujifunza upya, maana kwao bara shikamoo ilikuwa ya vitabuni, na mara ya kwanza alipoamkiwa hivyo na mtoto wa Kikorea alisahau kama jibu ni marahaba.

"Piga teke," alinong'ona mtaalamu. "Kwa nguvu. Piga kelele."

Mguu ulikataa. Aliuinua kidogo, ukarudi chini wenyewe. Alisimama pale jasho likimtoka, na kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa chake. Mwishowe akabisha kwa kidole mara mbili, na mdomo uliozoea adabu ukasema, "Hodi."

Ndani meza ilisogea. Kisha sauti ndogo, yenye furaha ya kulijua jibu: "Karibu!"

Kitasa kikazunguka. Maram alisimama mlangoni, na nyuma yake watoto ishirini na mmoja wakatambaa kutoka chini ya meza huku mwalimu amejishika mdomo. "Shikamoo, Mjomba Onesmus!" waliimba.

"Marahaba," alisema Onesmus, bomba mkononi.

Mtaalamu aliandika kwenye karatasi yake: wamekufa, ishirini na wawili.

Alhamisi, baada ya alasiri, ukumbi ulijaa wazazi. Kwenye skrini kubwa pameandikwa *Shule Salama, Jamii Huru*. Onesmus alipewa kazi ya kutembeza maikrofoni, kutoka mkono hadi mkono, akisema "yes, madam" na "yes, sir."

Wakabishana. Baba mmoja alisema kwao bunduki ni haki ya raia, na kosa si la chuma bali la moyo wa mtu. Mama mmoja akamjibu kwamba moyo mbaya usio na bunduki hauui watoto tisa kwa dakika nne. Mwingine akasema hapa tulipo hakuna anayenunua bunduki dukani, basi tunatishana kwa nini? Wa nne akataka walinzi wenye silaha. Wa tano akasema hakuja Dubai ili mtoto wake asome gerezani, na kwamba ukianza kumpekua mtoto wa miaka saba, huo uhuru unaoulinda umekwisha kuuuza. Yalikuwa maneno mazuri, mengine yenye uchungu wa kweli, na Onesmus aliyasikiliza kwa makini kuliko wengi waliokaa. Alitaka wapate jibu. Alikuwa na haki ya kulitaka kuliko wao wote.

Kisha mtaalamu akasimama. Skrini ikaonyesha picha ya mlango wa Darasa la Pili B, na chini yake tarakimu nyekundu: 22.

"Mlango ulifungwa sawasawa," alisema. "Watoto walijificha sawasawa. Wamekufa kwa sababu moja. Wanamwamini mlinzi." Pendekezo lake lilikuwa fupi: mashine ya kusoma sura iwekwe getini, walinzi wabadilishwe kila miezi mitatu, na wasizungumze na watoto. "Mlinzi anayependwa ni mlango ulio wazi."

Watu waligeuka kumtazama Onesmus. Kwa mara ya kwanza jioni ile walimwona anayeshika maikrofoni.

Hasira ilimpanda. Wamempa bomba. Wamemwambia watoto hawatamuogopa. Hawakumuogopa, na sasa hilo ndilo kosa lake! Angeweza kuinyamazia, kama alivyonyamazia mengi. Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwake, na mkono uliokuwa umenyooshwa kuiomba akaupita.

Hakuzungumza Kiingereza. Kiingereza chake kilitosha, ila kilikuwa cha getini, cha kuinamisha kichwa, na leo hakikumfaa. Alisema kwa Kiswahili, pole pole, akimwangalia Mundhir. Mwalimu mkuu naye akamgeukia Mundhir: tafsiri.

"Huyo kijana aliyeua wenzake huko," alisema Onesmus, "hakuwa mlinzi. Hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wao. Mashine yenu ingemfungulia, sababu sura yake ingekuwa ndani."

Mundhir alisimama, akarekebisha kola. Akasema kwa Kiingereza kwamba mlinzi anashukuru kwa nafasi hii na ana wasiwasi kidogo kuhusu mashine.

"Bwana Mundhir, mimi sikusema hivyo," alisema Onesmus, na hilo akalisema kwa Kiingereza.

Ukumbi ukacheka. Mundhir akawa mwekundu, akarudia, safari hii neno kwa neno. Kicheko kikakatika.

"Alipita getini kila asubuhi," Onesmus aliendelea. "Kuna asubuhi alianza kupita vibaya. Lazima ilikuweko. Mimi najua mtoto akianza kupita vibaya. Ningemuuliza, leo mbona hivi? Pengine asingenijibu. Lakini ningemuuliza, na kesho yake ningemuuliza tena. Nyinyi mnataka mtu ambaye haulizi."

Mundhir akatafsiri.

"Mnasema uhuru. Sawa, uhuru ni kitu kizuri. Lakini mlipotafuta mtu wa kushika hilo bomba, hamkumtafuta kijana wa miaka kumi na sita, mtoto wa mtu kama nyinyi. Mlikuja getini mkanichukua mimi. Mimi nimekaa chini ya dawati nikisikia mlango ukipigwa teke, na ndiyo sababu mguu ulikataa. Na aliyenipa bomba ni huyu anayenitafsiria."

Mundhir aliangalia sakafu, akamwangalia mwalimu mkuu, akamwangalia Onesmus, ambaye alimngoja. Kisha akalisema: "Na aliyempa bomba ni mimi."

Wakapiga makofi. Wengine wakasimama, mama mmoja akajifuta machozi, na yule baba wa haki ya bunduki akamfuata Onesmus kumshika mkono, akamwambia hayo ndiyo mazungumzo ambayo jamii huru inayahitaji. Wakanywa maji. Wakarudi kwenye viti. Wakapiga kura, na mashine ikashinda kwa mikono sitini na mitatu dhidi ya ishirini na minane. Onesmus ndiye aliyetumwa kuihesabu.

Ijumaa asubuhi aliitwa ofisini. Mundhir alikuwa peke yake, macho yamevimba. Juu ya meza palikuwa na fomu ya uhamisho: kuanzia Jumatatu, Onesmus atalinda ghala la makontena Jebel Ali.

"Mshahara ule ule," alisema Mundhir. "Nimekupigania kwa hilo. Tia sahihi hapa."

Onesmus aliisoma yote, kwa utaratibu. Sababu ya uhamisho: mahitaji ya kazi.

"Ni nani alikuwa na mahitaji?"

"Ndivyo zinavyoandikwa hizi, Onesmus."

"Sitii sahihi. Andika sababu yenyewe."

"Sababu gani?"

"Ile mtaalamu alisema mbele ya watu wote. Watoto wananiamini."

"Yakhe, neno kama hilo haliandikwi kwenye fomu."

"Mbona linaweza kunihamisha?"

Mundhir aliishika kalamu, akaiweka. Nje kengele ililia, na miguu midogo ikapita mbio koridoni. "Maram hakulala jana," alisema. "Wenzake wamemwambia yeye ndiye aliyefungua. Kaniuliza kama yeye ndiye aliyewaua."

"Ukamwambia nini?"

Mundhir aliivuta fomu kwake, akayakata maneno yaliyochapwa kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa mkono: *Watoto wanamwamini.* Akasoma alichokiandika. Akasoma tena, na kiganja kikabaki juu ya karatasi kama mtu asiyetaka itoke.

Onesmus aliivuta mwenyewe. Alitia sahihi, kisha akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, moja moja, asikosee hata moja.

"Sasa itume," alisema. "Wasome huko Jebel Ali, wajue wanaletewa mtu hatari."