Vileja vya Mama Ghatasi

Siku niliyotetea tasnifu yangu ya uzamili, Mama Ghatasi alikaa safu ya pili kando ya mama yangu, mkoba mapajani, msalaba mdogo wa dhahabu shingoni. Mimi ndiye niliyemwalika. Niliandika jinsi Waislamu na Wakristo wa mji wetu wa Madaba wanavyoishi pamoja, na nilitaka watahini wamwone Mkristo wangu. Ndivyo nilivyomwita moyoni: Mkristo wangu. Nikikumbuka, uso unaniwaka.

Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja tangu sijazaliwa. Kila Pasaka alituletea sahani ya vileja vya tende, vingali moto, vimenyunyizwa sukari. Mama yangu naye hakuwahi kuirudisha sahani tupu. Aliijaza majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali na nyama. Ukurasa wa mia na arobaini wa tasnifu yangu ulikuwa wa sahani hiyo. Msimamizi wangu, Daktari Nazmi, aliupigia mstari kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hapa ndipo ilipo roho ya kazi hii."

Nisichokiandika ni kwamba vileja vile hatukuvila hata siku moja. Mama alivimimina kwenye mfuko mweusi, akaufunga mafundo mawili, akanikabidhi nikautupe kwenye pipa la taka uchochoroni. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka saba.

"Kwa nini, mama?"

"Nyanya yako alisema mafuta yao hayaaminiki. Nenda, na ukikutana na mtu usimsemeshe."

Mwaka wa kwanza chuoni nilisoma kwamba dini yetu wenyewe imetuhalalishia chakula chao. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri mno. Pasaka iliyofuata mama aliniita jikoni, nikaubeba mfuko kama kawaida.

Basi siku ya utetezi, mtahini wa nje, Profesa Sufyan, mzee mkavu mwenye sauti ya upole, alifungua ukurasa ule ule.

"Bi Rudaina, sahani hii imenipendeza. Ila mtafiti huuliza hadi mwisho. Vileja vikishafika kwenu, viliishia wapi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

"Tumboni, Profesa! Tena tulikuwa tukigombania cha mwisho."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama yangu akainamia viatu vyake. Mama Ghatasi akafungua mkoba, akapekuapekua ndani, akaufunga bila kutoa kitu. Matokeo yalipotangazwa kuwa nimepata daraja la kwanza, yeye ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea boksi la halua. Alinikaribisha jikoni, akateleka kahawa ya iliki, akakaa kitini akinitazama.

"Hongera, mwanangu. Unasema vizuri mbele za watu."

"Ahsante, Mama Ghatasi."

"Umepewa daraja la kwanza kwa vileja usivyojua vina utamu gani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanyoosha kidole dirishani. Nilisogea nikachungulia. Pipa la taka lilikuwa chini pale pale, hatua kumi hazifiki.

"Nilikuwa nasimama hapa nikiosha masufuria," alisema. "Nakuona unakuja na mfuko, unaangalia kulia, unaangalia kushoto, kama mwizi wa kuku. Paka wa mtaa huu wote ni wanene kwa tende zangu."

Nilitaka sakafu ipasuke inimeze. "Miaka yote hiyo ulijua? Mbona uliendelea kuleta?"

"Mwaka wa kwanza nililia, nikaapa siwapi tena. Halafu sahani ikarudi na majani ya mzabibu ya mama yako. Tukakaa mimi na mume wangu, tukala yote. Sasa mtu akikulisha hivyo, umnunie? Nikasema, labda mwakani." Akamimina kahawa. "Kutupa nilizoea. Lakini jana, Rudaina, jana ulinikalisha mbele ya watu ukanifanya shahidi wa uongo wako. Hilo ndilo lililoniuma."

Niliimaliza kahawa, nikainuka.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Daktari Nazmi, nikamweleza yote. Alivua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu.

"Alama zimeshapita. Hakuna atakayejua."

"Yeye anajua."

"Basi una wiki mbili za masahihisho. Andika ilivyokuwa. Na umwandikie Profesa Sufyan mwenyewe, mimi sitakusemea."

Niliandika. Mfuko mweusi, mafundo mawili, mtihani niliofaulu, jibu nililotoa ukumbini. Profesa alijibu kwa mstari mmoja, kwamba sasa ukurasa huo una kitu cha kusomwa. Sikujisikia nafuu.

Kabla ya kukabidhi nilimsomea mama. Alinisikiliza akichambua dengu, mikono ikaacha kusogea.

"Kwa hiyo umeniweka kitabuni nikiwa natupa chakula cha watu."

"Nimejiweka mimi pia, mama."

"Wewe utaitwa mkweli. Mimi nitaitwa nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilijitolea kulifuta jina lake; akasema mtaa mzima unajua mama yangu ni nani. Siku kumi na tisa hakunisemesha ila salamu.

Siku ya ishirini, baada ya sala ya alasiri, alijifunga mtandio, akatoka mikono mitupu. Nilimsikia akigonga mlango wa jirani. Mama Ghatasi akafungua, mlango ukafungwa. Niliweka sikio ukutani, mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, nikasikia sauti ya mama ikipanda, kisha mtu analia. Ni nani kati yao sikuweza kutambua.

Alirudi magharibi ikiingia, macho mekundu, akaenda kutawadha. Mpaka leo hakuna kati yao aliyeniambia walisemezana nini. Nami niliyeuliza maswali mji mzima sijathubutu kuwauliza.