Samahani ya Kidole

Ardith Gillies alikuwa ameandika riwaya tisa na kupewa tuzo ambazo mji mzima wa Tarbolt ulizisikia redioni, lakini dada yake Verla hakuwa amemsemesha kwa miaka sita. Kisa, riwaya ya saba. Humo mna mwanamke anayenunua pai dukani, anaibonyezabonyeza ukingo kwa uma, kisha anaipeleka kwenye karamu ya kanisa eti kaipika mwenyewe. Hakutajwa jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Ardith alimtaka dada yake arudi. Alichokataa ni kuomba radhi kwa sentensi iliyokaa vizuri.

Asubuhi moja ya Februari alifika posta na bahasha nene, mswada wa riwaya ya kumi, wa kwenda kwa mchapishaji Toronto. Mlangoni Verla akatoka shoti, buti lake la theluji likatua juu ya kidole gumba cha Ardith.

"Samahani!" akasema Ardith.

Huko Tarbolt anayekanyagwa ndiye huomba samahani. Wanazaliwa nayo, kama pua. Lakini Verla alisimama. Karani naye akaacha kugonga mihuri.

"Haya, hatimaye umeisema," akasema Verla.

Ardith angenyamaza tu, angempata dada bure. Ila kalamu ilishamharibu: hawezi kuacha neno likae pasipo pake.

"Hiyo ilikuwa ya kidole, dada."

"Kwani sijui? Wewe hata ukijigonga kabatini unaliomba radhi kabati. Nimeipokea hivyo hivyo. Nikisubiri ya pai tutazikana kwanza." Akaikodolea macho bahasha. "Nimo?"

"Umo."

"Na pai?"

"Safari hii unaendesha gari."

"Vibaya?"

"Wastani."

"Lete nisome."

Ardith hakuwahi kumwonyesha mtu mswada kabla ya mchapishaji. Hata marehemu mumewe alisubiri kitabu kifike dukani kama watu wengine. Aliing'ang'ania bahasha kidogo, kisha akaiachia.

Verla akaketi kwenye benchi la posta, akavua glavu kwa meno, akamwambia karani, "Hebu niazime kalamu." Kufika ukurasa wa tatu alikuwa ameshakata mistari minne. Ardith akachungulia begani kwake.

"Huo uache, dada. Huo ni mzuri."

"Mzuri kwako," akasema Verla, akaukata.

Ardith akamfunulia ukurasa wa nne.